Mgeni Mpe Jembe: Na Shemeji Je?

Wahenga walinena: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hii nimeifundisha madarasani kwa zaidi ya miaka thelathini, na katika kila darasa hakukosi mwanafunzi wa kuicheka, akidhani kwamba inamsimanga mgeni. Huwa namwomba asiharakishe kucheka. Jembe katika methali hii si adhabu hata kidogo. Aliyepewa jembe amekwisha kuacha ugeni. Amehesabiwa miongoni mwa wenye mji, anakula jasho lake, na hapana awezaye kumhesabia matonge. Mgeni wa kuhurumiwa ni yule anayekaa siku ya nne, ya tano na ya arubaini akiwa amekunja mikono, si kwa uvivu wake, bali kwa kuwa wenyeji wamelificha jembe.

Nayasema haya kwa kuwa yamepita katika nyumba yetu wenyewe hapa Kimbo, na juma lililopita yamebisha hodi tena.

Msomaji asiyeijua Kimbo na aijue kwa ufupi. Ni mtaa wa pande za Ruiru, katika Kaunti ya Kiambu, karibu na barabara kuu itokayo Nairobi kwenda Thika. Marehemu baba alinunua kipande chake cha ardhi hapa wakati mashamba makubwa ya kahawa ya eneo hili yalipokuwa yakikatwakatwa na kuuziwa watu wa kipato kidogo. Leo magorofa ya kupangisha yameota mahali pa mibuni. Katika jengo moja utamkuta Mkamba, Mluhya, Mkisii, Mluo na Mkikuyu, na ukimwuliza yeyote kati yao kwao ni wapi, hatakutajia Kimbo. Sote ni wahamiaji. Tofauti ni kwamba kila mmoja wetu alipofika hapa alilikuta jembe lake likimngoja.

Katika nyumba yetu walikuja mashemeji wawili kutoka nje ya nchi. Wa kwanza aliletwa na kaka yangu. Kaka alikwenda kusoma India, katika mji wa Pune, akarejea mwaka wa 1987 na mke wa huko. Wa pili aliletwa na dada yangu. Dada alikuwa mwalimu, naye mwaka wa 1986 alikwenda kufundisha Botswana, kama walivyofanya walimu wengi wa Kiafrika katika miaka ile. Huko alikutana na mwalimu wa hesabu kutoka Malawi, wakaoana mwaka wa 1988. Mwaka wa 1990 walijaliwa mtoto wa kiume mjini Gaborone, na mwaka wa 1994 wakaamua kurudi nyumbani, yaani nyumbani kwa dada.

Kiswahili kiliwapokea mashemeji hawa kwa neno moja. Mke wa kaka yangu ni shemeji, na mume wa dada yangu ni shemeji vilevile. Lugha haikubagua. Sheria ndiyo iliyobagua.

Katiba ya Kenya ya wakati huo, katika kifungu chake cha 91, ilimpa haki ya kuandikishwa kuwa raia mwanamke aliyeolewa na raia wa Kenya. Haikusema mwenzi wa ndoa, ilisema mwanamke. Kwa hiyo mke wa kaka aliomba, akaukana uraia wa kwao kwa kuwa Kenya ya siku hizo haikuruhusu uraia wa nchi mbili, akapewa cheti. Mume wa dada hakuwa na kifungu cha kushika. Ndoa yake ilikuwa halali, mahari ilikuwa imelipwa, cheti cha ndoa kilikuwa na muhuri, lakini mbele ya Katiba alikuwa kama mtalii aliyepotelewa na kundi lake. Ilimbidi aishi kwa vibali vya muda, na kila kibali kilikuwa na tarehe yake ya kufa.

Mwalimu wa Kiswahili hawezi kulipita jambo hili bila kuitazama sarufi. Katika lugha yetu mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Mmoja yumo katika kauli ya kutenda, mwingine katika kauli ya kutendwa. Waliotunga sheria ile walifikiri katika kauli hizo hizo: aoaye huleta mtu kwake, aolewaye hupelekwa kwa mtu. Mwanamke aliyerudi nchini akimwongoza mume hakuwa na kitenzi katika sarufi ya Katiba.

Wala tusiwalaumu waliotunga sheria peke yao. Nakiri, kwa haya, kwamba mwaka ule wa 1994 nilikuwa mmoja wa wanaume waliokaa barazani jioni wakimdhihaki shemeji. Tulisema, "Yule bwana ameolewa." Tuliligeuza lile neno ulimini kama peremende. Yeye hakukijua Kiswahili vizuri wakati huo, akawa anacheka pamoja nasi. Alipokuja kulielewa neno, hakusema kitu. Aliacha tu kuja barazani.

Mateso ya ubaguzi ule yalionekana zaidi kwa watoto. Katiba ya zamani ilisema kwamba aliyezaliwa nchini Kenya ni raia iwapo baba au mama yake ni raia. Lakini aliyezaliwa nje ya Kenya alikuwa raia kwa kuzaliwa iwapo tu baba yake ni raia. Mama hakuhesabiwa. Mpwa wangu wa kwanza, yule wa Gaborone, alikuwa Mmalawi kwa baba yake, katika nchi ambayo hakuwa ameitia mguu. Mdogo wake alizaliwa mjini Thika mwaka wa 1995, akawa Mkenya tangu siku ya kwanza. Watu wawili wa tumbo moja, waliolala kitanda kimoja na kugombania uji katika kikombe kimoja, mmoja alikuwa mwananchi na mwingine mgeni. Mwaka wa 2008 yule mkubwa alipofikisha miaka kumi na minane, wenzake wa darasa walipanga foleni ya kitambulisho. Yeye alibaki nyumbani akisema kwamba anaumwa na kichwa.

Na baba yake je? Alipata kibali cha kufundisha katika shule moja ya kibinafsi, kwa mkataba. Mkataba ulipokwisha, mwenye shule hakutaka tena gharama na usumbufu wa kumwombea kibali kingine, na shemeji akakaa nyumbani karibu miaka miwili. Ofisi moja ya serikali tuliyokuwa tukiiendea ilitutuma leo ikatutuma kesho, hata viatu vya dada vikaisha soli. Shule za jirani zilikuwa zikilia kwa kukosa mwalimu wa hesabu. Mwalimu alikuwapo, hatua mia tatu kutoka lango la shule, akitazama saa ya ukutani.

Aliyemwokoa ni marehemu mama. Mama hakuwahi kuisoma Katiba, lakini methali aliijua. Asubuhi moja alitoka nyuma ya nyumba na jembe mkononi, akamwambia mkwewe, "Baba, twende tukalime." Wakalima sukuma wiki na viazi katika kile kipande kilichobaki. Jioni, chini ya taa ya chemli, watoto wa jirani walianza kuja na madaftari yao, naye akawafundisha hesabu bila malipo. Baadhi yao leo ni wahandisi. Shemeji alipenda kutuambia kwamba kwao Malawi wana methali isemayo kuwa mgeni ndiye ajaye na kijiwembe kikali, nami humjibu kwamba sisi tunayo ndugu yake: mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hizi mbili zimekutana bila kuombeana viza.

Wakati familia hiyo ilipokuwa bado Gaborone, jambo kubwa lilitokea nchini Botswana, na dada huliongelea mpaka leo. Wakili mmoja, Unity Dow, raia wa Botswana aliyeolewa na Mmarekani, aliishtaki serikali ya nchi yake. Watoto wake aliowazaa ndani ya ndoa walizaliwa na kuishi Botswana, lakini sheria ya uraia ya mwaka wa 1984 haikuwatambua kuwa raia, kwa kuwa baba yao alikuwa mgeni. Mtoto aliyemzaa kabla ya ndoa, huyo alikuwa raia. Yaani sheria ilimwadhibu mama kwa kufunga ndoa! Mahakama Kuu ilimpa ushindi mwaka wa 1991, na Mahakama ya Rufani ikauthibitisha mwaka wa 1992. Bunge la huko lilirekebisha sheria mwaka wa 1995.

Kenya haikujifunza upesi. Mwaka wa 1984 tulikuwa tumekwisha kujiunga na mkataba wa Umoja wa Mataifa wa kukomesha ubaguzi dhidi ya wanawake, ambao kifungu chake cha tisa kinadai usawa wa mume na mke katika mambo ya uraia, wao wenyewe na watoto wao. Mwaka wa 1997, katika marekebisho yaliyofanywa kabla ya uchaguzi mkuu, neno "jinsia" liliongezwa katika kifungu cha Katiba kilichokataza ubaguzi. Lakini kile kifungu cha 91 kiliachwa kikae palepale, kama mwizi aliyejificha chini ya kitanda wakati wenye nyumba wanafunga milango.

Haki ilifika mwaka wa 2010. Wakenya waliipigia kura Katiba mpya tarehe 4 Agosti, nayo ikatangazwa rasmi tarehe 27 mwezi huo huo. Na tazama jinsi dunia inavyozunguka: mwaka huo huo Unity Dow, ambaye sasa alikuwa amewahi kuwa jaji wa kwanza mwanamke katika Mahakama Kuu ya Botswana, aliapishwa nchini Kenya kuwa mmoja wa majaji wa mahakama ya muda ya kutatua migogoro ya uandishi wa Katiba yetu. Dada alipomwona katika televisheni alipiga ukelele hata jirani wakaja mbio.

Kifungu cha 14 cha Katiba hiyo kinasema kwamba mtu ni raia kwa kuzaliwa iwapo siku ya kuzaliwa kwake mama au baba yake ni raia, awe amezaliwa Kenya au nje. Na hakikuishia hapo. Kiliwarudia hata waliozaliwa kabla ya Katiba yenyewe. Mpwa wangu alilala mgeni akaamka Mkenya wa kuzaliwa, akiwa na umri wa miaka ishirini. Kifungu cha 15 kinampa mtu aliyeishi katika ndoa na raia kwa muda usiopungua miaka saba haki ya kuomba na kuandikishwa kuwa raia. Kinasema "mtu". Neno hilo moja ndilo lililoubomoa ukuta. Shemeji alipokipata cheti chake alikuwa anaukaribia umri wa kustaafu, na nafasi ya kuajiriwa serikalini ilikuwa imempita. Alikikunja vizuri, akatutazama sisi tuliomdhihaki zamani, akasema kwa Kiswahili safi, "Haya mabwana, sasa nimeolewa rasmi." Tulicheka, ila mimi macho yalinilenga machozi.

Hapo hadithi ingepaswa kwisha. Lakini nilisema kwamba juma lililopita mambo yalibisha hodi tena.

Mpwa wangu yule yule wa Gaborone alikwenda Malawi kufanya kazi na kuwajua jamaa za baba yake. Alioa huko, miaka miwili iliyopita, muuguzi mwenye shahada na uzoefu wa wodi ya wazazi. Mwaka jana wamerudi Kimbo. Kwa hiyo yeye aliyekuwa mgeni nyumbani kwa mama yake, leo ndiye mwenyeji anayemdhamini mkewe. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka wa 2011 inampa mke huyu nafasi ya kuishi nchini kwa pasi ya mtegemezi. Baada ya miaka mitatu ya ndoa ataweza kuomba ukaazi wa kudumu, ambao utamwezesha kufanya kazi kama mwenyeji. Baada ya miaka saba ataweza kuomba uraia. Hapa hakuna ubaguzi wa mke na mume, na kwa hilo tushukuru.

Lakini itazame ile pasi ya mtegemezi. Aliye nayo haruhusiwi kufanya kazi, wala ya mshahara wala ya kujitegemea, mpaka apate kibali kingine cha kazi. Jina lenyewe linasema yote. Sheria imempa mgeni kitanda na sahani, ikamnyima jembe. Hospitali zetu hazina wauguzi wa kutosha, na muuguzi yuko Kimbo akipanga vikombe kabatini. Mumewe analipa kodi ya nyumba, chakula, na ada za karatasi kwa mshahara mmoja. Aliyemtegemeza ni nani kama si sheria?

Najua kuna watakaonipinga, na hoja zao si za kupuuzwa. Watasema kwamba vijana wetu wenyewe, wakiwamo walimu na wauguzi waliofuzu, wanarandaranda na vyeti mikononi. Ni kweli, na ni jambo la kuhuzunisha. Lakini wenzi wa ndoa wa raia hawaji kama jeshi. Huja mmoja mmoja, wamefungamana na nyumba ya Mkenya, na kila shilingi wanayoipata huingia katika chungu cha Mkenya. Kumzuia mke wa mpwa wangu asifanye kazi si kumwongezea kijana wa Kenya ajira. Ni kumwongezea mpwa wangu mzigo, naye ni kijana wa Kenya pia.

Watasema tena kwamba wako wanaofunga ndoa za karatasi ili wapate uraia. Wako, kweli. Lakini sheria ya 2011 imekwisha kuwawekea mtego. Inamnyima uandikishaji mtu ambaye ndoa yake ilifungwa kwa ajili ya kujipatia uraia, na inadai kwamba wawili hao wawe wanaishi pamoja. Mlaghai na ashikwe kwa mtego huo. Haifai kuufunga mlango wa nyumba nzima kwa kumwogopa panya.

Tuitazame Uingereza, ambako Wakenya wengi wanaishi. Mwaka wa 1985 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilitoa hukumu katika kesi ya wanawake watatu waliokaa Uingereza kihalali na ambao waume zao walizuiwa kujiunga nao, ilhali wanaume waliruhusiwa kuleta wake zao. Mahakama ilisema huo ni ubaguzi wa jinsia. Serikali ya Uingereza iliondoa ubaguzi kwa njia ya ajabu: iliwakazia masharti na wanaume pia. Usawa una milango miwili, wa kupewa sote na wa kunyimwa sote. Na tangu Aprili 2024 anayetaka kumleta mwenzi wake nchini humo kwa viza ya ndoa ametakiwa awe na kipato cha pauni 29,000 kwa mwaka. Watu wetu huko wanalia, na kilio chao ni cha haki. Hata hivyo Uingereza, pamoja na ugumu wake wote, ikishamruhusu mwenzi huyo kuingia, inamruhusu kufanya kazi tangu siku ya kwanza. Waingereza wana masharti makali mlangoni, lakini jembe hawalifichi. Sisi wenye methali ndio tunaolificha.

Ombi langu kwa wabunge ni dogo. Wenzi wa ndoa wa raia waruhusiwe kufanya kazi kwa ile ile pasi wanayopewa ya kuishi, bila kungoja miaka mitatu na bila kibali cha pili. Uraia ungoje miaka saba, si neno. Uraia ni kitu kizito, na uchunguzi wake haufai kuharakishwa. Kazi haiwezi kungoja hivyo, kwa kuwa tumbo haliijui kalenda.

Nanyi wanafunzi wangu, mtakaokwenda mbali na pengine kurudi na wapenzi wa mbali, nawausia mambo machache. Ndoa ni mioyo, lakini serikali husoma karatasi. Usidhani ruracio au harusi ya kimila inatosha mbele ya afisa; Sheria ya Ndoa ya mwaka wa 2014 inataka hata ndoa za kimila ziandikishwe na zipewe cheti. Vyeti vya masomo vya mwenzio na vyeti vya kuzaliwa vya watoto msiviache nyuma. Uliza mapema sheria ya kwao inasemaje: Kenya imeruhusu uraia wa nchi mbili tangu mwaka wa 2010, lakini jirani zetu wa Tanzania hawauruhusu kwa watu wazima, na anayeoana na Mtanzania ajue kwamba huenda mwenzake akalazimika kuchagua. Zaidi ya yote, ukimwona mwanamume aliyemfuata mkewe nyumbani kwao, lile neno tulilolisema barazani usilirudie.

Juma lililopita mke wa mpwa wangu alikuja kwangu na fomu. Kiswahili chake bado kina lafudhi ya ziwani, lakini kinaeleweka. Alikuwa amejaza jina, tarehe ya kuzaliwa na namba ya pasipoti kwa mwandiko mzuri wa wauguzi wanaoandika ili wasomwe. Akafika mahali akasita, akanigeuzia karatasi na kuweka kidole kwenye mstari.

"Mjomba," akasema, "hapa wanauliza kazi yangu. Niandike nini?"

Nilimwambia aandike "muuguzi". Akaniuliza kama huo hautakuwa uongo.